Siku Moja Maishani Mwangu: Kuupima Mteremko Kabla Haujaporomoka

Saa kumi na mbili asubuhi huanza kwa kuutembea mteremko mzima kabla ya kufungua sanduku lolote la vifaa. Natafuta nyufa upande wa juu, miti iliyopinda mashina na chemchemi zinazochuruzika chini, kwa kuwa dalili hizo ndizo zinazonionyesha mstari wa vipimo upite wapi.

Kufikia saa mbili tumekwisha kupigilia elektrodi 48 za chuma, yaani vijiti vya kupitishia umeme ardhini, moja kila baada ya mita 5, kuteremka mlima kwa mita 235. Ya kumi na saba imeangukia kwenye changarawe kavu na umeme haupiti vizuri. Mwenzangu anapiga magoti, anamimina maji ya chumvi kando yake, anashindilia udongo kwa kisigino, na kipimo kinatulia. Sipendi kuiharakisha hatua hii, kwani elektrodi chache zisizoshika ardhi sawasawa huweza kuchora chini ya mlima kitu ambacho hakipo.

Saa tano, umeme ukiwa umemaliza zamu yake, tunatandaza jiofoni 24, vifaa vya kunasa mtetemo wa ardhi, na kupiga bamba la chuma kwa nyundo nzito. Kila pigo hutanguliwa na kimya, maana hata nyayo zetu hunaswa. Mawimbi ya mtetemo hupita kwenye udongo mkavu uliolegea kwa mita mia chache kwa sekunde, lakini kwenye mwamba usiopasuka huzidi mita 2,500.

Saa tisa picha ya ukinzani wa umeme, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita, inajitokeza kwenye kompyuta, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwenye kina cha mita 9, juu kidogo ya mwamba, kuna ukanda wenye ukinzani chini ya omu-mita 30 (omu-mita ni kizio cha ukinzani), unaoinama sambamba na mteremko. Huenda ni mfinyanzi, huenda ni maji, huenda ni vyote viwili, na tofauti hiyo ni kubwa kwa wanaoishi chini: shinikizo la maji likipanda wakati wa mvua, msuguano unaoushikilia udongo hupungua. Kwa hiyo siandiki kwamba mlima utaporomoka, wala kwamba uko salama. Naomba kisima cha uchunguzi kichimbwe kwenye mita ya 105, ukanda huo uchukuliwe sampuli, na bomba la kupimia mwendo wa ardhi liwekwe humo.

Saa kumi na moja tunang'oa elektrodi na kuacha vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu mahali pake, ili baada ya mvua tupime mstari uleule, pointi kwa pointi, na kuona ukanda ule umebadilika kiasi gani.