Kusanidi draiva za vifaa mchanganyiko katika kerneli ya Linux

Anayejenga kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa mara ya kwanza huandika `make menuconfig`, amri inayofungua menyu ya machaguo, huingia sehemu ya Device Drivers, yaani ya draiva, programu zinazoviendesha vifaa, na baada ya kushuka kidogo hukutana na menyu iliyoandikwa Misc devices. Humo ndimo vilimowekwa vifaa ambavyo havikupata nafasi miongoni mwa kadi za mtandao, kadi za sauti, diski au skrini: vihisi vya mwanga, chipu ndogo za kumbukumbu ya kudumu ziitwazo EEPROM, visoma kadi vya Realtek, kiungo cha kuwasiliana na kichakataji cha usimamizi kilichomo katika seva za HPE, Intel MEI (kiungo cha namna hiyohiyo kwa mashine za Intel), na draiva ya VMware inayoirudishia mashine mwenyeji kumbukumbu isiyotumika. Nyingi kati ya draiva hizo hupokea moja kati ya herufi tatu: y, iunganishwe moja kwa moja ndani ya kerneli, m, ijengwe kama moduli itakayopakiwa inapohitajika, au n, isijengwe kabisa.

Wengi wakifika hapo huanza kubahatisha. Wapo wanaowasha kila kitu kwa hofu ya kukosa, na wapo wanaozima kila wasichokitambua ili kerneli iwe nyepesi. Njia zote mbili zina kasoro ileile, kwamba zinaanzia kwenye menyu, ilhali menyu huorodhesha tu yale ambayo kerneli inayaweza, wala haijui mashine iliyo mbele yako imefungwa chipu gani. Kwa maoni yangu menyu iwe kituo cha mwisho. Kwanza kifaa kitambuliwe kwa namba zake, kisha itafutwe draiva inayozidai namba hizo, kisha chaguo linaloijenga draiva hiyo, na hapo ndipo mtu aifungue menyu akijua anakwenda kutafuta nini.

Nichukue mfano wa kisoma kadi cha SD kilichomo ubavuni mwa laptopu, kifaa ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka siku ya kuhamisha picha kutoka kwenye kamera. Katika mashine yenye chipu ya RTS5229, amri ya `lspci -nn`, inayoorodhesha vifaa vilivyounganishwa kwa njia ya PCI pamoja na namba zake, hutoa mstari wenye maneno Unassigned class [ff00] na, mbele zaidi, namba [10ec:5229]. Maneno hayo ya mwanzo ndiyo yanayowapoteza watu. Kifaa hakijitangazi kuwa ni kisoma kadi. Kimejiweka nje ya makundi ya kawaida ya PCI, kwa hiyo hakiwezi kutambuliwa kwa kundi lake, na draiva yake inalazimika kukitambua kwa namba. 10ec ni namba ya mtengenezaji, yaani Realtek, na 5229 ni ya chipu yenyewe.

Ikiwa mfumo ulionao sasa tayari unakiendesha, `lspci -k` itakutajia jina la draiva, rtsx_pci, na kazi itakuwa imepungua nusu. Ikiwa hakuna draiva iliyokishika, ingia katika saraka ya msimbo wa kerneli uitafute namba: `grep -rni 0x5229 drivers include`. Angalia vizuri majibu yake, kwa sababu namba 5229 iliwahi kutumiwa pia na kampuni ya ALi kwa chipu yake ya diski za IDE. Namba ya kifaa bila namba ya mtengenezaji haina maana. Jibu unalolitaka limo katika faili la drivers/misc/cardreader/rtsx_pcr.c, ambamo kuna jedwali la namba zote ambazo draiva hiyo inazikubali. Sasa fungua Makefile ya saraka hiyohiyo, faili linaloeleza nini kijengwe. Mstari unaosema `obj-$(CONFIG_MISC_RTSX_PCI) += rtsx_pci.o` ndio unaoliunganisha faili na chaguo, na kuanzia hapo unalo jina kamili la kulitafuta. Ndani ya menuconfig bonyeza alama ya mkwaju, andika MISC_RTSX_PCI, na skrini itakuonyesha chaguo hilo liko wapi, linategemea nini, na ni machaguo gani mengine yanayoliwasha au kuwashwa nalo.

Wengi wakishaweka m hapo huona kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Draiva ya rtsx_pci inaishughulikia chipu tu: umeme wake, vikatizo vyake na rejista zake. Haijui kadi ya SD ni kitu gani. Ujuzi huo umo katika draiva nyingine, inayojengwa na chaguo la MMC_REALTEK_PCI, nalo halimo kabisa katika Misc devices bali katika menyu ya kadi za MMC na SD. Juu yake inahitajika MMC_BLOCK, ambayo ndiyo inayoifanya kadi ionekane kama diski. Mtu aliyewasha tabaka la kwanza peke yake hukutana na hali inayochanganya sana: `lspci -k` inasema kifaa kina draiva, dmesg, yaani orodha ya ujumbe wa kerneli, haina lalamiko lolote, na bado /dev/mmcblk0, faili linaloiwakilisha kadi, haionekani hata kadi ikichomekwa na kuchomolewa mara ngapi. Hakuna kilichoharibika. Kerneli imefanya sawasawa na ilivyoagizwa.

Utegemezi huo una sheria yake. Kwa kuwa MMC_REALTEK_PCI inategemea MISC_RTSX_PCI, ukiweka m kwenye ile ya chini huwezi kuweka y kwenye ya juu. Menuconfig itakubakishia m na n tu. Sababu yake ni nyepesi: kitu kilichomo ndani ya kerneli tangu inawaka hakiwezi kuegemea moduli ambayo huenda isipakiwe kabisa. Kuna pia utaratibu wa select, ambapo chaguo moja huliwasha jingine kwa nguvu, na ukikuta kwenye skrini alama ya nyota au M iliyozungukwa na mabano au vistari usivyovizoea, ujue chaguo hilo limeshikiliwa na jingine na halizimiki mpaka ulizime lile linalolishikilia.

Upo mtego mwingine katika mfano huu, nao huwakamata hasa watu waangalifu, wale wanaohifadhi faili lao la .config, lenye machaguo yao yote, na kulihamisha kutoka toleo moja hadi jingine. Zamani draiva hii ya Realtek iliwekwa katika saraka ya drivers/mfd, na chaguo lake likaitwa MFD_RTSX_PCI. Karibu na mwanzo wa mwaka 2018 ilihamishiwa drivers/misc/cardreader, na jina likabadilika kuwa MISC_RTSX_PCI. Faili la zamani lina jina la zamani, ambalo kerneli mpya hailijui; ukitumia `make olddefconfig`, jina hilo linaondolewa bila neno, jina jipya linapewa thamani yake ya msingi, ambayo ni n, na MMC_REALTEK_PCI iliyoliegemea inazimika nalo. Kerneli itajengwa bila kosa hata moja. Ndiyo maana kwa kuhama matoleo napendelea `make oldconfig`, ambayo huuliza kila chaguo jipya, ijapokuwa maswali yake yanachosha. Na anayeona maswali ni mengi mno aanze na `make listnewconfig` ili ayasome kwanza majina yenyewe kabla ya kuamua.

Hapa niseme jambo la pembeni, kwa kuwa nimeona likichanganywa mara nyingi. Ukiandika `cat /proc/misc` utapata orodha fupi yenye majina kama kvm, fuse na tun, kila moja na namba yake: 232, 229, 200. Hivyo ni vifaa vinavyoshirikiana namba kuu 10 (namba kuu huiambia kerneli draiva inayohusika, na zile za orodha hukitofautisha kila kifaa) katika saraka ya /dev, utaratibu ulioanza na draiva za kipanya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili draiva ndogo isilazimike kuchukua namba kuu nzima kwa ajili yake peke yake. Orodha hiyo na menyu ya Misc devices ni mambo mawili tofauti. Msimbo wa fuse umo katika sehemu ya mifumo ya mafaili, na wa tun umo katika sehemu ya mtandao. Kwa upande mwingine, rtsx_pci imo katika drivers/misc na haionekani katika /proc/misc.

Kifaa cha PCI, hata kama hakisemi kazi yake, angalau hutaja namba zake kinapoulizwa. Vifaa vinavyounganishwa kwa I2C, njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu ndogo, havina hata hilo, na hapo usanidi huwa na sura nyingine. Mfano ninaoukuta mara kwa mara ni ule ubao mdogo wa saa wenye chipu ya DS3231 na betri ya duara, unaofungwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Matoleo ya Raspberry Pi yaliyotangulia la 5 hayana saa ya kudumu. Umeme ukikatika na mtandao usiwepo, mashine huwaka ikiwa na tarehe iliyopitwa na wakati, kumbukumbu za mfumo zinavurugika, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaweza kukataliwa kwa kuwa bado havijaanza kutumika kwa mujibu wa saa hiyo. Anayeweka seva ndogo ya shule mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa na intaneti ni ya kubahatisha hahitaji kushawishiwa kuhusu saa.

Ubao huo kwa kawaida una chipu mbili. Ukiandika `i2cdetect -y 1` utaziona: saa katika anwani 68, na EEPROM ya 24C32 ambayo mara nyingi iko 57, zote kwa mtindo wa heksadesimali. Ingawa zimekaa pamoja, draiva zake zinatoka pande mbili za menyu. Saa inaendeshwa na rtc-ds1307, yaani chaguo la RTC_DRV_DS1307, lililomo katika sehemu ya saa. Jina la chipu ya DS3231 hulioni kwenye jina la chaguo, kwa sababu draiva moja inahudumia familia nzima. EEPROM ndiyo inayorudi Misc devices, katika menyu ndogo ya EEPROM support, kwa jina la EEPROM_AT24.

Kuijenga draiva hakutoshi, kwa kuwa hakuna atakayeiambia kerneli kwamba katika anwani hiyo kuna chipu hiyo. Katika Raspberry Pi saa hutangazwa kwa kuandika `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` katika faili la config.txt, na maelezo hayo huongezwa kwenye mti wa vifaa ambao kerneli huusoma inapowaka. EEPROM unaweza kuitangaza ukiwa ndani ya mfumo unaofanya kazi, kwa haki za msimamizi: `echo 24c32 0x57 > /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device`. Ikikubali, i2cdetect itaonyesha UU mahali palipokuwa na 57, maana yake anwani hiyo sasa imeshikwa na draiva, na katika saraka ya 1-0057 litatokea faili liitwalo eeprom lenye baiti 4096.

Neno hilo 24c32 liandikwe kwa uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja. Chipu za ukubwa wa 24c16 na chini yake hupokea anwani ya ndani yenye baiti moja, na kuanzia 24c32 anwani ina baiti mbili. Kerneli haina njia ya kujua iliyopo ni ipi, inakuamini wewe. Ukiitangaza chipu ndogo kuwa kubwa, baiti ya pili ya anwani inaweza kupokelewa na chipu kama data ya kuandikwa, na yaliyokuwamo yakaharibika. Maelezo ya chaguo la EEPROM_AT24 ndani ya menuconfig yanalionya hilo waziwazi, yakisema hata kuitia chipu alama ya kusomwa tu hakutasaidia. Yasome maandishi yaliyochapwa mgongoni mwa chipu yenyewe, kwa lenzi ikibidi, usiyaamini maelezo ya tangazo la dukani.

Kuhusu y au m, msimamo wangu ni m kwa karibu kila kilichomo katika Misc devices, kwa sababu moduli unaweza kuiondoa na kuirudisha bila kuzima mashine, na kosa la usanidi linarekebishika papo hapo. Saa ndiyo ninayoitenga. Wakati unahitajika mapema, kabla huduma nyingine hazijaamka, kwa hiyo RTC_DRV_DS1307 naiweka y, na pamoja nayo draiva ya I2C ya ubao wenyewe, kwa Raspberry Pi ikiwa ni I2C_BCM2835, maana saa haifikiki bila hiyo. Vilevile mashine ambayo mfumo wake wote umo katika kadi ya SD haiwezi kuiacha draiva ya kadi iwe moduli, isipokuwa moduli hiyo imo ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa pamoja na kerneli inapowaka.

Wapo watakaosema kazi hii yote inafupishwa na `make localmodconfig`, ambayo huangalia moduli zilizopakiwa sasa na kuzima nyingine zote. Ni amri nzuri na huokoa muda mwingi wa kujenga, lakini inaona kile tu kilichopo wakati huo. Kabla ya kuiendesha chomeka kadi ya SD, unganisha kila kifaa cha USB unachokitumia, na zitangaze chipu za I2C ambazo huandikishwa kwa mkono, vinginevyo at24 na wenzake watazimwa. Na ikiwa unajenga kwenye mashine nyingine yenye nguvu zaidi, chukua orodha kutoka kwenye mashine lengwa kwa `lsmod > orodha.txt`, ihamishe, kisha uandike `make LSMOD=orodha.txt localmodconfig`, usipofanya hivyo utapata kerneli iliyosanidiwa kwa vifaa vya mashine uliyoitumia kuijengea.