Nilivyompandisha mama rola kosta ya mlimani: mwenye woga apewe breki zake

Nimechoka na ushauri wa watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kile kigari. Mama alipokuja kututembelea hapa Aurora, Colorado, Marekani, akitokea Lushoto, Tanzania, kila niliyemwambia nataka kumpandisha rola kosta ya mlimani, yaani kigari kinachoteremka mlima juu ya reli, alikuwa na neno. Wapo walioniambia nitamuua mzazi wangu. Na wapo walionikera zaidi, wale wa "wala usihangaike, apakatwe na mtu mwenye nguvu, afumbe macho, mtafika." Mama amepanda, ameteremka, akataka tena, na hakupakatwa na mtu. Naandika kwa sababu wazazi wetu wengi huja huku kiangazi, wakashinda ndani mbele ya televisheni isiyosema lugha yao mpaka siku ya kurudi, na milima ile pale dirishani.

Kwa asiyejua: vituo vya skii, vile vya kuteleza kwenye theluji, havilali theluji ikiisha. Kuanzia mwezi wa sita lifti za viti zinapandisha watu na baiskeli, watoto wanarukaruka kwenye trampolini, wengine wananing'inia kwenye kamba ndefu juu ya miti. Vituo vingi vya Colorado viko kwenye ardhi ya misitu ya taifa, na mwaka 2011 Rais Obama alisaini sheria iliyoruhusu michezo ya kiangazi kwenye ardhi hiyo, ili wafanyakazi wapate kazi mwaka mzima badala ya miezi ya baridi peke yake. Bustani za michezo ya maji sheria hiyo imezikataa. Rola kosta za mlimani zimeota Vail, Breckenridge, Copper na Steamboat.

Tafadhali msizichanganye na ule mtelezo wa mfereji. Mfereji ni njia iliyochimbika kama mtaro, unakaa juu ya kigari kisichofungwa popote, na ukiingia kona kwa kasi unaweza kumwagika ukachubuka viwiko. Rola kosta ya mlimani ni reli za chuma zilizosimamishwa juu ya miguu, zinapinda kati ya miti, na kigari kimezishika reli hizo kwa magurudumu ya juu na ya chini. Hakichomoki. Mkanda unao, na pande zote mbili za kiti kuna mpini: ukisukuma mbele unakwenda, ukivuta nyuma unafunga breki. Hata usipovuta kabisa, kuna breki ya ndani inayozuia kigari kisipite kasi yake, ambayo kwa vigari vya aina hii ni kama kilomita 40 kwa saa. Nusu ya waliokuwa wakimtisha mama walikuwa wanazungumzia mfereji, tena wa kwenye video.

Sasa niwaeleze safari ya kwanza, iliyoharibika. Jirani yetu mmoja, mwenyeji wa miaka mingi, alitushauri tuende Jumamosi baada ya chakula cha mchana kwa kuwa "asubuhi milimani kuna baridi, mama ataugua." Tukaenda kituo kimoja kilicho karibu kidogo. Maegesho yamejaa, tukaachwa mbali, mama akapanda kilima kwa miguu na mkoba wake. Foleni ya tiketi, halafu foleni ya kupanda. Tulipofika mbele, mhudumu akatazama watoto wetu wawili. Zuhura na mdogo wake hawajafikia kimo cha kuendesha wenyewe, kila mmoja anatakiwa kukaa na mtu mzima. Watu wazima tulikuwa watatu. Kijana yule, kwa nia njema kabisa, akapanga: mimi nimbebe Zuhura, mdogo abaki kidogo, na bibi akae na baba Zuhura.

Ngoja nieleze wawili wanavyokaa. Wa nyuma ndiye dereva. Wa mbele anakaa katikati ya miguu ya wa nyuma, mgongo wake umeegemea kifua cha mwenzake, na mkanda unawabana pamoja. Mama alitazama watu waliokuwa wakiondoka, akatazama kiti, akamtazama mume wangu. Akajivuta nyuma, akajifunga kanga vizuri mabegani. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu ni mkwe wangu." Baba Zuhura alikuwa ameshageuka anatazama msitu. Kwetu mkwe hapishani na mama mkwe mlangoni hivi hivi, anasubiri mama apite kwanza. Leo akampakate mbele ya halaiki ya watu? Mhudumu akadhani bibi anaogopa urefu, akaanza kumbembeleza kwa Kiingereza kwamba ni salama, ni salama, na huku nyuma yetu watu wanaguna. Nikamwambia hapana, panga upya. Kabla hajapanga, ngurumo ikapiga.

Hapo ndipo ushauri wa "baada ya chakula cha mchana" ulipomalizikia. Kiangazi milima ya Colorado huanza siku kwa anga jeupe, mchana mawingu yanajikusanya, na alasiri radi. Reli za chuma mlimani na radi haviwezi kukaa pamoja, kwa hiyo mchezo wote husimamishwa, na mvua ikilowesha reli breki hazishiki vizuri hata radi ikiondoka. Tulikaa chini ya paa la duka la kahawa tukinunua vitu tusivyovihitaji. Saa zikaenda. Dirishani pa tiketi wakatuambia pesa hazirudi, tutumie tiketi siku nyingine msimu huo huo. Tukarudi nyumbani kwenye msongamano wa barabara ya I-70, watoto wanalia.

Lakini ndani ya gari mama alisema jambo ambalo watoa ushauri wangu wote hawakuliona. Tangu akiwa msichana amepanda mabasi ya Mombo kwenda Lushoto, zile kona za Soni bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande mwingine. "Kona sijawahi kuziogopa," akasema. "Naogopa mguu wa dereva. Nakaa namtazama mguu, nasema sasa kanyaga breki, na yeye hakanyagi." Nikaelewa. Na kwenye kile kigari angekaa mbele, dereva yuko mgongoni, hata huo mguu hauoni! Unamchukua mtu mwenye woga, unampokonya breki, halafu unamwambia afumbe macho. Nani aliwadanganya watu kwamba huo ndio wema?

Nikaamua mama ataendesha mwenyewe.

Tatizo lililobaki ni lugha. Maelekezo hutolewa kwa Kiingereza, haraka, na mhudumu anataka kuona umeelewa ndipo akuruhusu. Nikafanya mazoezi ya sebuleni, na hili nalisimulia kwa fahari. Nilitandika mkeka, nikaweka mto mnene ukutani, mama akaketi miguu ameinyoosha mbele kama anavyotakiwa kuketi kwenye kigari. Nikampa miiko miwili ya ugali, mmoja kila mkono, vichwa vya miiko vikigusa sakafu. Zuhura akawa mlima. Akipiga kelele "teremko!" bibi anasukuma miiko mbele. Akisema "kona ya kushoto!" bibi anavuta taratibu, analegeza, anainamisha mwili ndani ya kona. Zuhura akisema "gari mbele!" bibi anavuta kwa nguvu na kushikilia. Mwanzoni alikuwa anavuta mwiko mmoja tu, wa kulia, kama anasonga. Tukarekebisha mpaka mikono yote miwili ikawa inakwenda pamoja. Ikawa mchezo wa kila jioni, na watoto wakagombea zamu ya kuwa mlima. Kufikia mwisho wa wiki mama alikuwa anawafokea wao: "Mbona hamna kona kali leo?"

Nguo nazo nilizimaliza nyumbani. Kitu chochote kinachopepea hakiruhusiwi, na sawa kabisa, magurudumu yako karibu na makalio. Mama hakuwa tayari kuacha kujistiri, wala sikumwomba. Alivaa suruali ndani ya gauni fupi, kilemba cha kubana badala ya ushungi, ncha zake tukazichomeka ndani ya jaketi lenye zipu. Kanga ikabaki kwenye mkoba, mkoba ukabaki kwenye kabati la kukodi. Viatu vya kufunga, maana kandambili hawataki kuziona. Simu iache. Nimeshuhudia mwanamume akitafuta yake kwenye magugu chini ya reli, hajaipata.

Na jambo la afya lisirukwe: ubao wa tahadhari unataja moyo, mgongo, shingo na ujauzito. Mama hana presha, na mwezi uliotangulia alikuwa amepimwa. Mzazi wako akiwa na presha, ongea na daktari wake kabla hujanunua chochote.

Safari hii tulikwenda Steamboat. Ni mbali kutoka Denver, saa tatu na zaidi. Nilipachagua kwa sababu kosta yao, iitwayo Outlaw, ina urefu wa futi zaidi ya 6,000, karibu mita 1,900, na nilitaka mama akipata apate kweli. Unapita handaki la Eisenhower lililo karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, unateremka Silverthorne, unashika barabara ya 9 hadi Kremmling, halafu unapanda tena njia ya mlimani ya Rabbit Ears. Masikio ya mama yaliziba na kuzibuka njia nzima. Tulilala huko huko ili mwili uzoee, maana chini ya mlima Steamboat ni kama mita 2,100, na Lushoto ni juu lakini si juu hivyo. Maji, maji, maji. Gharama? Tiketi za familia na chumba cha usiku mmoja vilikula sehemu nzuri ya mshahara wangu wa wiki, na sijutii.

Asubuhi tulikuwa langoni kabla halijafunguliwa. Baridi ilikuwepo, ndiyo, na jaketi lilikuwepo. Kabla ya kununua nilimketisha mama pale vigari vinapomalizia, atazame. Alikuja mzee mmoja wa Kizungu mwenye mvi, mwanamke, anakuja polepole mikono yote kwenye mipini, anacheka peke yake. Mama akasimama. "Haya," akasema, "nipeleke."

Sikiliza mpangilio wa vigari, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huharibu. Huwezi kumpita mtu relini. Ukimtanguliza wa polepole, wote nyuma yake wanatambaa, na yeye anasikia vigari vikimkaribia mgongoni anazidi kuogopa. Baba Zuhura na mdogo walitangulia, wao ni moto. Nikafuata mimi na Zuhura. Mama akawa wa mwisho, na nikamwomba mhudumu kwa adabu asubiri kidogo kabla ya kumwachia mteja anayefuata. Akakubali bila neno. Akamwuliza mama kama ameelewa. Nikatafsiri, na mama badala ya kujibu akasukuma mipini mbele, akaivuta nyuma, mikono yote miwili pamoja, akamtazama kijana usoni. Kijana akainua kidole gumba.

Kupanda hufanyi kitu, kigari kinavutwa na kebo, polepole, kwa dakika kadhaa, msitu wa misonobari kulia na kushoto. Niligeuka nikamwona mama chini yetu amekaa wima, mikono kwenye mipini ingawa haina kazi bado. Juu kebo inakuachia, na kuanzia hapo ni wewe na mlima. Nilikwenda kasi ya kati. Kwenye kona ya kwanza kubwa nilimsikia: "Ya Rabi!" Kisha kimya, kisha mlio wa breki. Kona nyingine, breki tena, fupi zaidi. Zuhura alikuwa anapiga kelele, "Bibi, legeza! Legeza!" kana kwamba tuko sebuleni. Katikati ya njia sikusikia tena breki ila kwenye mizunguko, pale inapostahili. Kosa ambalo anayeogopa hushawishika kulifanya ni kusimama kabisa relini, na hilo haliruhusiwi. Mama nilimwambia tangu kwenye mkeka: tambaa ukitaka, usisimame. Hakusimama.

Aliposhuka miguu ilimtetemeka, akanishika bega, na neno la kwanza alilosema ni kwamba kigari kile kina breki nzuri kuliko basi lolote alilowahi kupanda. La pili lilikuwa kuuliza tiketi ya kurudia ni bei gani. Akatoa pesa yake mwenyewe kwenye mkoba, akakataa yangu. Mara hiyo alitaka kutangulia mbele ya mimi na Zuhura, na nawaambia ukweli wangu, hatukumkaribia. Ilipofika mchana mawingu yakaanza kujikusanya juu ya Rabbit Ears, na sisi tulikuwa tumeshamaliza, tunakula mezani nje.

Yule jirani wa "baada ya chakula cha mchana" ameona picha, sasa anataka kumpeleka mama mkwe wake. Nimemwambia aangalie ratiba kwanza, maana shule zikifunguliwa siku za kufungua michezo ya kiangazi hupunguzwa, na aje kwangu kuazima miiko.