Jinsi nilivyomsemea mtoto aliyelitangulia darasa lake

Katika shule za msingi nilizofundisha, mtoto anayesemewa ni yule anayeshindwa. Asiyejua kusoma anaingizwa kwenye darasa la KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mtoro anafuatwa hadi kwao, mgonjwa anaombewa ruhusa. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mtoto anayeelewa kabla mwalimu hajamaliza kueleza hana wa kumsemea, kwa kuwa wote tunaamini atajiokoa mwenyewe. Mimi siamini hivyo. Nimewaona wengi wakiingia darasa la tano na macho makali, wakifika la saba wamepoa, wanaandika wanachoambiwa na kunyamaza. Ninaandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu, kueleza jinsi nilivyofanikiwa kumsemea mmoja wao katika shule ya serikali ya kijijini mkoani Singida, isiyo na maktaba, darasa moja likiwa na watoto zaidi ya mia.

Alikuwa msichana; wenzake walimwita Kwanini, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilipopokea Hisabati ya darasa la tano nilikabidhiwa na sifa zake: mbishi, daftari chafu, hamalizi zoezi. Kwenye upimaji wa darasa la nne alikuwa amepata C. Aliyeongoza darasa alikuwa mtoto mwingine, msikivu, mwenye mwandiko wa kupendeza, naye alistahili sifa zake. Ila nilipobadilisha swali kidogo tu lisifanane na la kitabuni, yule msikivu alisimama akisubiri mfano, na Kwanini ndiye aliyekaa wima.

Siku moja tulikuwa tunajumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti: nusu na robo, kisha nusu, robo na moja ya nane. Kwanini akauliza, "Nikiendelea hivi, kila mara naongeza nusu ya ile ya mwisho, nitafika moja?" Nikamrudishia swali: wewe unaonaje? Alikaa nalo hadi mapumziko. Aliporudi alisema, "Haifiki. Lakini mwalimu, nitajie namba yoyote iliyo chini ya moja, mimi nitaipita." Nikamtajia tisini na tisa juu ya mia. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Sehemu saba zinatosha. Inayobaki ni moja ya mia na ishirini na nane, na hiyo ni ndogo kuliko moja ya mia."

Waliosoma hisabati ya juu watajua alikuwa amegusa nini. Hiyo ndiyo hoja ya kikomo, yaani jumla inayoikaribia namba fulani kadiri upendavyo bila kuifikia, inayofundishwa miaka mingi baadaye, na mtoto wa darasa la tano ameitoa kichwani mwake akiwa amekaa wa nne kwenye dawati la watu watatu.

Nilijua nikienda ofisini kusema "huyu mtoto ana kipaji" ningejibiwa kwamba kila mwalimu ana kipenzi chake. Kwa hiyo nilinunua daftari, nikawa naandika tarehe, swali lililoulizwa, na maneno yake kama alivyoyatamka, bila sifa yoyote. Nilinakili njia zake, hata zile zilizokosea, maana namna alivyokosea ilionesha anafikiri wapi. Pembeni nilibandika mazoezi yake ya kawaida. Humo ndimo nilimoona jambo ambalo lingenipita: maswali aliyoyaacha wazi yalikuwa mepesi. Maswali ishirini ya aina moja, anafanya matatu, anachora pembezoni, anapata tatu kwa ishirini. Magumu ya mwisho anapata, na njia haioneshi.

Mwalimu mkuu alinisikiliza vizuri, kisha akasema kile nilichotegemea. "Mwalimu, huyo atafaulu tu. Nisaidie hawa wasiojua kuzidisha." Hoja hiyo haina ubaya ndani yake, wanaosimamia shule wanaulizwa wastani, na wastani unashushwa na wanaofeli. Sikubishana naye kuhusu haki wala sera. Nilifungua daftari, nikamwonesha alama za Kwanini tangu darasa la tatu zikishuka muhula hadi muhula. Nikamwambia, huyu hafaulu tu, huyu anateremka, na anateremka kwa kuchoka. Alipindua kurasa muda mrefu, akasoma ile ya moja ya mia na ishirini na nane mara mbili. "Unataka nini?"

Hapa pana jambo ambalo naomba lieleweke. Nilikuwa nimejiandaa kuomba vitu ambavyo shule inaweza kutoa bila shilingi moja. Niliomba ufunguo wa kabati lenye vitabu vya zamani vya kidato cha kwanza na cha pili. Niliomba muda wa saa moja kila Jumatano baada ya vipindi. Na niliomba ruhusa ya kubadilisha namna ya kutoa zoezi: atakayeweza kupata manne kati ya maswali matano ya mwisho, yaliyo magumu kuliko yote, asilazimike kufanya mengine, apewe kazi nyingine. Ningeomba arushwe darasa, kama mwenzangu mmoja alivyopendekeza, ningekwama kwenye usajili, na mtoto angejikuta na wakubwa zake katika masomo ambayo hakuwa mbele. Alihitaji kwenda ndani zaidi kwenye Hisabati, na hilo lingewezekana palepale alipokaa.

Utaratibu wa maswali matano niliufungua kwa darasa zima, sikuuweka kwa jina la mtu. Niliogopa upendeleo, lakini faida yake ilinizidi mategemeo. Wiki za mwanzo Kwanini alikuwa peke yake. Miaka miwili baadaye, kwenye darasa la tano jingine, akajitokeza mvulana mmoja wa nyuma kabisa, mchunga ng'ombe, anayekuja shule siku mbili tatu kwa wiki na kusinzia. Hakuna mwalimu ambaye angemtaja hata kama tungepiga kura ya wenye vipaji. Alipata matano yote. Tangu siku hiyo nimeacha kuwauliza walimu nani ana kipaji; naweka swali gumu mezani kwa kila mtu, naangalia nani anakataa kuliacha.

Kwenye kikao cha walimu manung'uniko yalikuwepo: mtoto anajibu maswali matano wengine ishirini, nidhamu itakwenda wapi? Niliwasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, akajibiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya kuwa utani wa kila kosa lake. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Mpemba akauliza swali lilelile mbele ya watu, wakacheka. Osborne hakujua jibu, lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na leo wanafizikia duniani kote wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la mwanafunzi wa Kitanzania. Niliwaambia wenzangu, Osborne alikuwa na swali moja tu la mtoto, akalichukulia kwa uzito. Sisi tunayo mengi.

Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa mkali kuliko wote kwenye kikao, ndiye aliyekuja baadaye kuniuliza kama utaratibu ule unafaa kwenye ufahamu.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Kwanini alilelewa na bibi yake, mkulima wa vitunguu, na saa ya Jumatano ilikuwa saa ya kumwagilia. Nilikwenda, nikaamkia, nikakaribishwa kigoda. "Mwanangu," bibi aliniambia, "mtoto akijua sana anaharibikiwa kichwa. Na mimi nimebaki na huyu tu." Sikumwahidi udaktari wala uhandisi. Nilimwomba Kwanini amfanyie bibi kazi moja ya hesabu ya shambani mwake, nami nirudi tena.

Alichagua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Alipima kwa debe: gunia la kawaida lilimeza debe sita, la lumbesa debe nane, na bei ya mnunuzi ilikuwa ileile ya gunia. Nilipokwenda tena bibi alikuwa ananingoja mlangoni. "Unajua huyu ameniambia nini? Ati nikiuza magunia matatu nimetoa manne!" Tukahesabu pamoja, debe kwa debe, hadi ishirini na nne. Bibi alikaa kimya, kisha akaniuliza Jumatano inaanza saa ngapi.

Nilimkinga na jambo moja ambalo shule hulifanya kwa nia njema kabisa. Mtoto anayemaliza mapema hugeuzwa mwalimu msaidizi: sahihisha, simamia kelele, mweleweshe fulani. Mara moja moja inamfaa, maana kueleza nako ni kujifunza. Kila siku ni kumnyang'anya masomo yake. Niliwaomba wenzangu wasimtumie hivyo, na hili nilirudia kulisema hadi nikaonekana msumbufu.

Darasa la saba tulilitumia zaidi kwa Kiingereza. Msingi tunafundisha kwa Kiswahili, sekondari lugha inageuka, na nimeona watoto wenye akili kali wakinyamaza kidato cha kwanza kwa kukosa maneno tu. Kila dhana aliyokuwa nayo, KDS (kigawe kidogo cha shirika), KKS (kigawo kikubwa cha shirika), kipeo cha pili, kiasi na asili, tuliiandika pia kwa Kiingereza, halafu nikamtaka anibishie kwa Kiingereza hicho, kibovu hivyo hivyo. Kubishana alikuwa anajua tayari.

Matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yalipotoka alikuwa na A ya Hisabati na Sayansi. Masomo mengine yalikuwa B. Nilikuwa nimetamani Kilakala au Msalato, ambako serikali hupeleka wasichana wa vipaji maalumu kama inavyopeleka wavulana Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora. Kinachotazamwa huko ni ufaulu wa jumla, na wa kwake haukufika. Alipangiwa sekondari ya kata. Niliumia, sitaficha. Kipimo cha jumla ni cha haki kwa namna yake, lakini mtoto aliyezama kwenye jambo moja humponyoka, na nitaendelea kulisema hilo kwa kila ofisa atakayenipa nafasi.

Kabla shule hazijafunguliwa nilikwenda sekondari hiyo kwa baiskeli, nikamtafuta mwalimu wa Hisabati, kijana mgeni kazini. Nilimwachia daftari langu lote na barua ya ukurasa mmoja: huyu hachelewi, ukiona ameacha swali jepesi mwulize gumu, mpe nafasi ya kukosea kwa Kiingereza, bibi yake anaitikia ukimweleza kwa hesabu ya shamba. Nadhani kati ya yote niliyoyafanya, barua ile ndiyo iliyokuwa na maana kuliko mengine, kwa sababu mtoto anapovuka kutoka msingi kwenda sekondari yote tunayoyajua juu yake hubaki kwetu. Sasa Kwanini yuko kidato cha pili. Yule kijana ameongeza kurasa zake kwenye daftari, na mara nyingine hunipigia simu usiku kuniuliza nimewahi kumfundisha jambo fulani au amelizua mwenyewe. Mara nyingi amelizua.

Kwetu Jumatano imeingia kwenye ratiba ya shule, na mwalimu wa Kiswahili anashika nusu yake. Mchunga ng'ombe yuko darasa la saba, ana daftari lake kabatini. Jumapili iliyopita nilikuwa kwao na mwalimu mkuu, tunaongea na baba yake ni nani atakayechunga ng'ombe siku za shule hadi mtihani wa Septemba. Baba amesema atazungumza na ndugu yake wa kijiji cha pili. Tunarudi Jumapili hii kusikia jibu.