Tarehe ya Kuingia: Siku Moja ya Mkalimani wa Nakivale

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kuwasha jiko la mkaa, kwa sababu uji wa watoto usipokuwa tayari mapema watakwenda shuleni na njaa, nami nitashinda kutwa nzima nikitafsiri maneno ya watu huku moyo wangu ukiwa darasani kwao. Naishi Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, mahali ambapo wakimbizi kutoka Rwanda walipewa ardhi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambapo leo utasikia Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Kiamhari kabla hujamaliza kulivuka soko. Serikali huyaita haya makazi, si kambi, na tofauti hiyo si ya jina tu: hakuna uzio, kaya hupewa kipande cha ardhi (ingawa vipande vyenyewe vinazidi kupungua kadiri watu wanavyoongezeka), na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Nayasema haya mapema kwa makusudi, kwa kuwa malalamiko yatakayofuata ni ya mtu aliyepokewa vizuri.

Nilivuka mpaka wa Bunagana, kutoka Kongo kuingia Uganda, mwezi Januari 2006, nikiwa na miaka tisa, nimeshikilia kitenge cha mama, wakati mapigano ya Rutshuru yalipowamwaga maelfu ya watu Kisoro. Hesabu yake haihitaji kalamu: Januari ya mwaka huu nimetimiza miaka ishirini Uganda.

Saa mbili asubuhi niko kwenye kituo cha mapokezi. Basi limeleta watu jana usiku, na foleni imekwisha kujipanga yenyewe, wanawake wakiwa wamekalia magodoro yaliyokunjwa, wanaume wakiwa wamesimama ukutani. Utaratibu wa hapa si mgumu kuueleza: picha, alama za vidole, kupigwa picha ya mboni za macho, kisha maswali ya kaya. Wakongomani kwa kawaida hupewa hadhi ya ukimbizi kama kundi, bila kila mmoja kuhojiwa peke yake kuhusu sababu za kukimbia. Watu wa mataifa mengine kadhaa hupitia Kamati ya Ustahiki, inayoamua ombi la mtu mmoja mmoja, na huko safari ni ndefu. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba kwa Mkongomani maswali ya asubuhi hii ni mepesi. Mimi sidhani hivyo, na mama wa tatu katika foleni ya leo ni ushahidi.

Ana watoto wanne. Afisa anauliza kwa Kiingereza kama wote amewazaa yeye, nami natafsiri. Mama anajibu mara moja, akimgusa kila mmoja kichwani: "Ni mutoto yangu. Ni mutoto yangu. Ni mutoto yangu." Kwa wa nne, msichana wa kama miaka sita, anasema maneno yale yale, lakini mkono unachelewa kidogo.

Ningeweza kutafsiri nikaendelea, na kwa Kiswahili asingekuwa amesema uongo wowote, maana mtoto wa dada yako ni mtoto wako, wewe ni mama yake mdogo, na mtu anayekuuliza zaidi ya hapo anakutukana. Fomu, hata hivyo, haimjui mama mdogo. Nimekwisha kuona mara nyingi kinachotokea baadaye: miaka minane inapita, familia inaitwa kwa mahojiano mengine, mtu wa dawati jingine anauliza swali hilo hilo kwa mkalimani mwingine, mama anasema kwamba huyu alizaliwa na marehemu dada yake, na jalada lote linawekwa alama ya mashaka kwa sababu ya neno moja la upendo lililoandikwa siku ya kwanza.

Namwomba afisa ruhusa ya kuuliza kwa njia nyingine, naye anakubali, maana ni mtu mwenye subira. Nainama. "Mama, samahani sana. Huyu alitoka tumboni mwako, ama ulimpokea?"

Anatazama chini. "Wa dada. Dada alibakia ku njia."

Hapo tena nimekwama. "Alibakia njiani" inaweza kuwa na maana kwamba dada yu hai, walipoteana katika kukimbia, na katika hali hiyo kuna shughuli ya kumtafuta. Inaweza pia kuwa na maana nyingine, ambayo watu wetu hawapendi kuitamka mbele ya mtoto. Namuuliza kwa sauti ya chini kama tumtafute. Anatikisa kichwa. "Tulimufunika na majani, tukaendelea."

Afisa anangoja. Namwambia kwa Kiingereza kwamba mama wa mtoto alifariki. Anaandika "yatima", neno moja, kwa sababu nafasi ya fomu inatosha neno moja. Mazungumzo yote yamechukua labda dakika nne zaidi ya yale ya kaya iliyotangulia, na nyuma kuna mtu anayelalamika kwamba foleni haiendi.

Watu wenye vyeo wanapozungumza juu ya kurekebisha shughuli za mipakani, mazungumzo huelekea kwenye mashine: vituo vya pamoja kama kile cha Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, ambapo msafiri hukutana na maafisa wa nchi zote mbili upande mmoja tu, na mifumo ya kompyuta inayosomana. Hayo ni mema. Aliyewahi kulala Malaba akisubiri karatasi kupigwa muhuri mara mbili hawezi kuyabeza. Lakini kama ningepewa jambo moja la kuamuru, ningeamuru kwamba kila maelezo yaliyoandikwa yasomwe tena kwa lugha ya mwenyewe kabla hajaweka kidole. Jambo hilo halihitaji mashine yoyote. Linahitaji dakika nne.

Saa saba mchana tunakula posho (ugali) na maharagwe chini ya mwembe. Mwenzangu wa kazi, ambaye ni Mfumbira wa Kisoro, ananitania kila siku kwamba mimi na yeye tunatofautiana kwa kilima kimoja tu. Ni kweli. Bibi zetu wangeweza kuazimana chumvi. Lakini Wafumbira wamo katika Jedwali la Tatu la Katiba ya 1995, lile linaloorodhesha jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926, na mtoto wake, popote atakapozaliwa, ni raia wa kuzaliwa. Wangu wawili wamezaliwa hapa hapa Isingiro, wanazungumza Kinyankole vizuri kuliko mimi, na hawamo. Orodha hiyo haiwaumizi wakimbizi peke yao: Wamaragoli wa Kiryandongo wamekuwa wakihangaika kwa miaka ili jamii yao iingizwe, ilhali wao hawakukimbia vita yoyote. "Mwaka 1926 wewe ulikuwa wapi?" mwenzangu ananiuliza, nasi tunacheka, kisha tunanawa mikono.

Saa nane hadi saa tisa nakaa kwenye meza ya msaada wa kisheria, ambako leo kuna kijana mmoja tu kutoka Burundi. Sheria inaipa Kamati siku 90 kuamua ombi lake, naye amesubiri zaidi ya mwaka. Namweleza kwamba akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa, na kwamba Bodi ya Rufaa haiwezi kumpa hadhi yenyewe, bali inaweza kulirudisha shauri lake Kamatini. Ananiuliza mantiki yake ni nini. Mimi ni mkalimani. Hiyo siwezi kuitafsiri.

Saa kumi jioni anakuja mzee ambaye huja kila baada ya miezi michache na swali lile lile, kama mtu anayepita dukani kuuliza kama sukari imeshuka bei. "Binti yangu, uraia umefika?"

"Shikamoo, Mzee. Bado."

Namkalisha na kumweleza tena, na naona hata mimi nahitaji kujieleza. Milango ya uraia ni mitatu. Wa kuzaliwa umefungwa kwa Jedwali. Wa kuandikishwa unamtaka mtu aliyehamia kwa hiari na kihalali, na hata anayedai haki ya kuzaliwa hapa na kuishi tangu siku ya Uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, hapiti kama mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mlango huo haumhusu mkimbizi, ila mlango wa tatu, wa tajnisi, yaani mgeni aliyeishi nchini muda mrefu kuomba awe raia, anaweza kuugonga. Sheria inataka miaka 20 ya kuishi nchini kwa jumla, miezi 24 ya mwisho bila kukatika, tabia njema, ujuzi wa kutosha wa lugha ya asili iliyotajwa au wa Kiingereza, na nia ya kubaki.

"Hayo yote ninayo," anasema Mzee.

Anayo. Hata mimi ninayo. Mwaka jana nilikwenda kuulizia katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, na karani, bila ukali wowote, akaniambia nirudi na vibali vyangu vya ukaazi vya miaka yote hiyo. Mkimbizi hapewi kibali cha ukaazi; hupewa kitambulisho cha mkimbizi. Nilimweleza. Akasema kwamba hapo sasa yeye hajui. Sheria imesema mlango upo, lakini hakuna aliyeandika ni karatasi gani inayoufungua, na kwa maoni yangu marekebisho yanayohitajika zaidi Uganda ni hayo tu: waraka unaosema kwamba tarehe ya kuingia iliyoandikwa kwenye jalada la mkimbizi inahesabiwa kuwa mwanzo wa ukaazi, kwa yeye na kwa watoto waliozaliwa baada ya hapo. Sisemi uraia ugawiwe kama sabuni. Nasema hesabu ianze.

Mzee anapenda niishie kwa kumsimulia habari za Tanzania, nami humsimulia. Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakalima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliulizwa baada ya miaka zaidi ya thelathini wanataka nini, na zaidi ya 160,000 kati yao wakapewa uraia. Haikuwa kazi nyepesi. Mwanzoni walitakiwa wahame makazi yao ndipo wapate vyeti, watu wakabaki wakining'inia kwa miaka, mpaka sharti hilo likaachwa na vyeti vikaanza kutolewa tena mwaka 2014. Lakini walihesabiwa. "Na walikuwa wanalima kama sisi," Mzee anasema, akijibu mtu ambaye hayupo, kisha anachukua fimbo yake.

Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kurudi nyumbani, napitia kwa mwenyekiti wa baraza letu la wakimbizi. Nataka barua ya kuthibitisha kwamba naishi hapa na tangu lini, kwa sababu nimeamua kurudi kwa yule karani na kila karatasi niliyo nayo: kadi ya kwanza ya mama yenye pini iliyoshika kutu, ripoti zangu za shule ya msingi, kadi za kliniki za watoto. Mwenyekiti anakaa nje, anaandika kwa mkono juu ya daftari lililolala mapajani, kwa mwandiko mzuri wa watu waliosomeshwa na mapadri. Ananisomea. Ameandika kwamba nimeishi katika kijiji hiki tangu 2016.

"Mwenyekiti, ni 2006."

"Si 2016 ndipo ulipojenga hapa karibu yangu?"

"Nyumba ni 2016. Mimi ni 2006."

Ananitazama juu ya miwani, kisha anapiga mstari mmoja kwenye ile moja, anaandika sifuri juu yake. Namwomba, kwa adabu, aweke saini pale alipokata, asije mtu akasema nilibadilisha mwenyewe. Anacheka, anasema mimi ni msumbufu kama marehemu mama. Anaweka saini. Halafu anapulizia muhuri, anaugonga juu ya sifuri ile, na kwa sababu wino ulikuwa mkavu, anaugonga mara ya pili.