Pawasaplai kwanza, taa baadaye

Vijana wengi hapa Kampala wakipanga kompyuta ya gemu huanza na kadi ya grafiki na feni za taa za rangi. Mimi huanza na pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Mtaani kwetu umeme ukikatika hurudi kwa kishindo, na pawasaplai isiyo na jina ikiungua inaweza kuondoka na madabodi (bodi kuu) na kadi pamoja. Kwa hiyo nachukua ya wati 550, ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, kisha naweka UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, mbele yake. Alama hiyo, tuelewane, hupima ufanisi wa kutumia umeme tu. Uimara ni habari nyingine.

Prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600 ya soketi ya AM4 (aina ya tundu lake kwenye madabodi): kori 6, yaani vitengo sita vya kufanya kazi, wati 65, na inatumia RAM (kumbukumbu ya muda) za aina ya DDR4, ambazo hata zilizotumika zipo. Ila haina grafiki ya ndani. Bila kadi, skrini ni nyeusi tii! Kama pesa ya kadi bado, chukua 5600G, ndugu yake yenye grafiki ya ndani.

Kadi, RX 6600 ya GB 8. Kwa skrini ya 1080p (Full HD) inatosha, muuzaji aseme atakalo.

RAM nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, maana prosesa huvisoma vyote kwa pamoja. SSD, diski ya kuhifadhia mafaili, iwe NVMe, ile aina ya kasi, basi.

Kasha? Lenye matundu mbele na chujio linalochomoka, ulikung'ute vumbi letu jekundu kila Jumamosi.