Anwani Tuliyoiuza Usiku

Mwezi wa saba mwaka 2025, maombi ya mikopo ya elimu ya juu yalipopamba moto, kompyuta zote sita za stesheneri moja ya Mwanga, hapa Kigoma, ziligoma kufungua tovuti ambayo wanafunzi walikuwa wameipangia foleni tangu asubuhi. Kilichokuja kwanza ni kapcha, yale majaribio ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti: chagua picha zenye taa za barabarani, chagua picha zenye baiskeli. Ukimaliza moja inakuja nyingine. Baada ya ya nne, ukurasa mweupe wenye namba 403, yaani umekataliwa kuingia, na basi. Mama mwenye duka alinipigia saa mbili na nusu.

"Mwanangu, mtandao upo, WhatsApp inaingia, lakini fomu haifunguki. Na watoto wamejaa hapa. Njoo."

Nilikwenda na wasiwasi, maana laini ile niliijua vizuri. Wiki saba kabla ya siku hiyo, mimi ndiye niliyemfungia nodi ya kuuza intaneti isiyotumika, yaani mashine ndogo inayopitisha data za watu wa mbali kwenye laini yako kwa malipo.

Hesabu iliyotushawishi ilikuwa hii. Duka lilikuwa na faiba ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) inayolipiwa kiasi kimoja kwa mwezi, utumie usitumie. Mbps 1 ikipita mfululizo kwa saa 24 ni GB 10.8. Kwa hiyo Mbps 20, kuanzia saa 4 usiku duka linapofungwa hadi saa 12 asubuhi, ni GB 72 zinazopotea kila usiku. Mtandao tuliojiunga nao ulilipa takriban senti 10 za dola kwa kila GB, kwa tokeni, yaani sarafu za kidijitali, zilizo kwenye mnyororo (blockchain) wa Polygon. Kijana wa kaunta alikuwa na hamu kubwa kuliko mimi. Oktoba 2024 aliona Grass, mtandao mwingine wa aina hiyo, wakigawa tokeni zao kwenye mnyororo wa Solana kwa watu walioacha programu ikifanya kazi kwenye kompyuta zao, na tangu hapo hakutulia.

Yeye alitaka tuanze na simu. Nilimkatalia, na nawakatalia wote wanaoniuliza hadi leo. Mteja wa mbali anapovuta GB 1 kupitia kwako, data hiyo inaingia kwanza kwenye kifaa chako, kisha inatoka kwenda kwake. Bando linahesabu kote kuwili. Unalipwa GB 1, zimeliwa GB 2. Wakati ule GB 2 za bando la kawaida zilikuwa kama Sh 4,000, na malipo ya GB 1 kama Sh 260. Hakuna namna hesabu hiyo itakaa sawa, hata ukinunua bando la usiku. Halafu kwenye laini za simu anwani moja ya IP, ile namba inayokutambulisha mtandaoni, hugawanywa kwa wateja wengi wa kampuni kwa pamoja, kwa hiyo nodi inapata tabu kufikiwa kutoka nje na kazi zinazoifikia ni chache. Intaneti isiyotumika ni ile tu uliyokwisha kuilipia na ambayo hairudishi hata shilingi ukiiacha ilale.

Kifaa kilikuwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM GB 2, chaja ya volti 5 ampea 3, na kadi ya microSD ya GB 32. Jumla Sh 260,000. Inakula wati 5 hivi. Kwa mwezi mzima ni uniti 3.6 za LUKU, kama Sh 1,280 kwa bei ya Sh 356 kwa uniti. Umeme haukuwa tatizo la gharama. Ulikuwa tatizo la kukatika. Pi ikizimika ghafla katikati ya kuandika, kadi ya microSD huharibika taratibu, na siku moja haiwaki tena. Tiba ni kupeleka kumbukumbu za mfumo kwenye RAM badala ya kadi, au kuachana na kadi kabisa na kuwasha kutoka SSD ndogo ya USB. Nilifanya la kwanza kwa sababu SSD ingeongeza gharama.

Nodi yenyewe iliendeshwa ndani ya Docker, programu inayotenga programu nyingine kwenye boksi lake. Kuiweka ni kazi ya nusu saa. Kazi halisi ilikuwa kwenye ruta, na hapo ndipo wengi wanaruka. Ruta ilikuwa MikroTik hAP lite. Kwanza niliitoa Pi kwenye mtandao wa duka: bandari ya nne nikaipa mtandao wake, 192.168.99.0/24, kisha kanuni ya fayawoli (kichujio cha mawasiliano ndani ya ruta) inayozuia chochote kutoka huko kuingia 192.168.88.0/24 ziliko kompyuta za wateja. Unapokaribisha trafiki, yaani data zinazopita, ya watu usiowajua, usiiache karibu na mafaili yenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu.

Pili, kikomo cha kasi. Laini ikijazwa upande wa kupakia, hata kushusha kunakwama, kwa sababu vijibu vidogo vya kuthibitisha mapokezi vinakaa foleni nyuma ya mzigo mkubwa. Nikaweka foleni rahisi ya Mbps 6 kupanda na Mbps 6 kushuka kwa anwani 192.168.99.10. Haikufanya kazi hata kidogo. Sababu ni kanuni ya FastTrack ambayo ruta hizi zinakuja nayo kutoka kiwandani: muunganisho ukishapita hapo unaruka foleni zote. Lazima uizime, au uitoe Pi isihusike nayo.

Tatu, saa. Kanuni ya mwisho ilikuwa kuizuia Pi isitoke nje kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, ili mchana laini yote iwe ya wateja.

Kwenye nodi tulizima huduma ya VPN kwa umma, ile inayomruhusu mtu yeyote kuvinjari kwa anwani yako. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka watumiaji wa VPN watoe taarifa, na sikutaka laini ya mama wa watu iwe mlango wa kutokea wa mtu nisiyemjua. Tukaacha kazi ya washirika waliohakikiwa tu: kampuni zinazolinganisha bei, zinazokagua matangazo yanavyoonekana kutoka nchi fulani, zinazokusanya kurasa kwa ajili ya kufundishia akili mnemba. Hawa wanahitaji anwani za majumbani na madukani kwa sababu za kwenye vituo vya seva zinajulikana na tovuti nyingi huzizuia mapema. Nililijua hilo. Niliweza kumweleza mtu yeyote. Lakini sikukaa nikalifikiria mpaka mwisho wake.

Sasa asubuhi ile. Nilikuta vijana kumi na zaidi nje kwenye benchi, wengine wametoka Ujiji na Gungu kwa bajaji, bahasha mkononi. Kijana wa kaunta alikuwa ameshabadilisha DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), amefuta vidakuzi, ameanza kutafuta virusi. Ukiona kompyuta sita zinaumwa ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja, usizipime kompyuta. Nilichukua laptopu, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, nikafungua ukurasa ule ule. Ukafunguka hapo hapo. Nikairudisha kwenye faiba: kapcha, kapcha, 403. Tovuti haikuwa na kosa. Ilikuwa inaikataa anwani yetu.

Nikafungua Winbox, programu ya kusimamia ruta, nikaingia kwenye Torch, inayoonyesha data zinazopita, upande wa bandari ya nne. Saa tatu kasorobo asubuhi, Pi ilikuwa inapitisha trafiki kama usiku wa manane. Kanuni ya saa ilikuwepo, imewashwa. Nikatazama saa ya ruta: haikuwa ya leo wala ya jana. Hizi hAP lite hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinasahau wakati, na bila NTP (huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao) au nyingine ya aina hiyo kuwashwa zinaanza kuhesabu kutoka pale zinapoamkia. Umeme ulikuwa umekatika siku nne nyuma. NTP sikuwa nimeiwasha. Kwa ruta, mchana wa Mwanga ulikuwa usiku, na wateja wa nodi walikuwa wamepita mlango mmoja na wanafunzi kwa siku nne.

Nikachomoa Pi. Nikajaribu tena ukurasa. Bado 403.

Hapo ndipo uzito uliponifikia. Anwani ikishaandikwa kwenye orodha za proksi, yaani anwani zinazopitisha data za watu wengine, haifutiki kwa kuzima mashine. Tovuti nyingi hununua orodha hizo kutoka kwa wanaozitunza, na anwani ikiingia inaweza kukaa siku au wiki. Na wala isingesaidia sana kama kanuni ya saa ingefanya kazi. Kasi ya intaneti inaweza kugawanywa mchana na usiku, anwani haigawanyiki. Ile iliyofanya kazi ya roboti saa nane usiku ndiyo ile ile mwanafunzi anayoitumia saa nne asubuhi. Kosa la saa liliharakisha tu.

Tulikuwa tumeuza anwani, na GB zilikuwa kipimo tu cha kuhesabia.

Nilimweleza mama bila kuficha. Alisikiliza huku anamkatia mteja kopi, kisha akauliza swali moja: "Sasa hawa watoto wanaingiaje leo?"

Kwa haraka tuliweka kompyuta mbili kwenye intaneti ya simu, bando la gharama yangu. Fomu yenyewe haina data nyingi, kinachokula ni kupandisha vyeti na zile kurasa zilizosainiwa. Foleni ikasogea, ingawa polepole. Wakati huo nikaenda kwenye faiba. Laini ilitumia PPPoE, ambapo ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila, kwa hiyo anwani hutolewa upya kila inapounganishwa. Nikazima muunganisho, nikawasha: anwani ile ile. Nikazima ruta dakika tano: ile ile. Ukirudi upesi, mara nyingi unakuta hakuna aliyepewa anwani yako, na unarudishiwa. Mara ya tatu nikaiacha imezimwa dakika 40. Ilipowaka ilikuwa na anwani mpya, na ukurasa ukafunguka kwenye kompyuta ya kwanza, ya pili, zote sita.

Watu walifurahi. Kijana wa kaunta akasema, "Kaka, basi kila alfajiri tunaizima dakika 40, tunapata mpya, usiku tunaendelea." Kiufundi alikuwa sahihi. Ningeweza kuandika skripti ya mistari mitano ikafanya hivyo yenyewe.

Lakini anwani ya zamani ilikuwa imekwenda wapi? Imerudi kwenye kapu la kampuni, na mteja mwingine wa faiba angeipewa, labda siku ile ile. Huenda ni zahanati, huenda ni nyumba yenye mtoto anayejaza fomu ile ile, huenda ni fundi anayeuza vipuri mtandaoni. Angekutana na kapcha na 403, asijue sababu, abadilishe DNS, atafute virusi, ampigie mtoa huduma ambaye naye haoni tatizo. Tungefanya hivyo kila alfajiri, tungekuwa tunachafua kapu anwani moja kwa siku. Mikataba mingi ya intaneti ya majumbani na madukani inakataza kuuza tena huduma, na watu huichukulia kama uchoyo wa kampuni. Siku ile niliona kuna jirani ndani yake.

Jioni tulikaa na hesabu. Wiki saba, zilizouzwa ni GB 61. Siyo 72 kwa usiku mmoja. 61 kwa wiki saba, kwa sababu anwani za Tanzania hazina wanunuzi wengi kama za Marekani au Ulaya, na programu haiwezi kumtengeneza mnunuzi asiyekuwepo. Dola 6.10, kama Sh 15,900. Na hizo zilikuwa tokeni kwenye pochi: kuzihamisha ulihitaji kuwa na POL, sarafu ya Polygon, kidogo ya kulipia mnyororo, kuangalia kwamba soko unalopeleka linapokea kupitia Polygon na si Ethereum peke yake, maana ukikosea zinaweza zisionekane tena, kisha kutafuta wa kumwuzia kwa pesa ya simu. Tangu Julai 2024 kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Upande wa pili, asubuhi ile wanafunzi tisa waliondoka kabla sijafika, wakaenda kwingine. Huduma ya fomu moja ilikuwa Sh 5,000.

Mama hakutaka hesabu zaidi. "Ile laini ni ya watoto wa shule, mwanangu," alisema. "Hiyo nyingine katafute yako."

Pi niliifuta nodi, nikaiwekea kazi ya kuhifadhi nakala za skani usiku, kwenye mtandao wa ndani tu. Kanuni ya kuitenga na nje niliibakiza. NTP niliiwasha.

Saa tatu usiku, duka likiwa linakaribia kufungwa, aliingia binti kutoka Kibirizi. Alikuwa miongoni mwa walioondoka asubuhi. Huko alikokwenda alikuta foleni hadi barabarani. Nilikaa naye mwenyewe. Tukapandisha cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na kurasa zilizosainiwa na mwenyekiti wa mtaa, moja ilibidi tuiskani upya kwa sababu muhuri haukuonekana. Akabonyeza kutuma. Duara likazunguka, likazunguka, ukurasa ukakubali. Alichapisha nakala mbili, akapuliza wino wa ile ya juu, akaziweka kwenye bahasha.