Sini ya kandili

Agosti 2011 Dar ilikuwa giza. Maji ya bwawa la umeme la Mtera yamepungua, mgao unakula masaa 12 na zaidi, alafu juu ya mgao ikaja ya petroli, EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wameshusha bei, vituo vikagoma kuuza, mji mzima umejaa foleni na watu wamebeba madumu. Na mimi ndo wiki hiyo nashuti muvi.

Tulikuwa Sinza, nyumba ya kukodi, siku ya mwisho, imebaki sini moja tu, mama yuko jikoni anapata taarifa kwamba mwanae hatarudi. Aliyecheza mama alikuwa mtu mzima, amefunga maana Ramadhani ndo imeanza, na kesho alfajiri anapanda basi kwenda Tanga kwaiyo ni leo au basi. Jenereta tumelipeleka nyuma ya choo cha jirani na waya mrefu ili mlio usiingie kwenye maiki. Saa kumi na moja na nusu likakohoa mara mbili likazima. Kijana nlishamtuma tangu saa nne asubuhi na dumu la lita 5, akarudi nalo tupu, "dada nimefika mpaka Ubungo, wanauza kwa kujuana."

Wote wakanigeukia. Wengi wanadhani prodyuza ni mwenye hela tu, siku ile hela nlikuwa nayo mfukoni na hamna cha kununua. Kazi yenyewe ni pale watu 11 wana njaa wanakutazama usoni na wewe ndo unatakiwa useme sasa tunafanyaje, na mimi sikuwa na jibu.

Adhana ikaita. Bibi wa nyumba ya pili akaja na uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, akasema "kuleni kwanza wanangu", hakuuliza nani kafunga nani hajafunga. Alikuja na kandili lake ili aone njia, chemni imeshika masizi upande mmoja, akalitua juu ya kinu ili agawe vikombe. Yule mama yetu alikuwa kakaa hapo hapo anapuliza uji, mwanga ukamkaa shavu moja. Kameramani akaweka muhogo chini.

Tukaliomba kandili. Betri ilikuwa inaelekea kukata, tukapiga teki moja tu, na picha ilipiga chenga kweli maana kamera zetu zile za kanda ndogo gizani hazikuwa na msaada. Kwenye skripti mama alitakiwa aangue kilio. Hakulia. Alishika utambi akaupandisha kidogo kama mtu anayetafuta kitu, akakaa, akaushusha tena. Dairekta alisahau kusema kata.

Baadae nikapeleka masta ya muvi Kariakoo. Msambazaji akaiangalia kwa kurusharusha, akataka igawanywe pati wani na pati tuu kama soko lilivyokuwa, ila ile sini akasema ni giza, irudiwe na taa au itoke, wateja watarudisha sidii wakidhani mbovu. Nikamwambia baba, pati mbili sawa, kava weka unavyotaka, hiyo sini haitoki.

Akapunguza bei pale pale. Nikasaini, deni la kamera nikalimalizia Desemba kwa kushuti maharusi.